Sheikh Abdalla Saleh Farsy: Kadhi wa Unguja katika Mji wa Mvita

Mtu akiingia Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Ngome ya Yesu, barabara atakayoishika ni Ndia Kuu. Wageni wa kutoka bara hukisoma kibao wakadhani mchoraji amekosea herufi. Hakukosea. Wamvita wenyewe husema ndia, ndoo, ndaa na mtele, mahali ambapo vitabu vya shule vinataka njia, njoo, njaa na mchele. Mwaka wa 1968 mji huu ulipata Kadhi Mkuu aliyezaliwa na kukulia upande wa pili wa bahari, kwa wasemao njia, na ambaye Kiunguja chake kilikuwa karibu kuingia katika kila nyumba ya Mwislamu kutoka Lamu hadi Kigoma.

Kadhi huyo ni marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy. Vijana wa leo wanalijua jina lake kwa kuliona juu ya jalada la Qurani Takatifu, na wengi huishia hapo. Wazee wetu walimjua kwa mengine: mwalimu wa skuli, mwandishi wa historia, mtu wa kuandika habari za harusi, mtoaji hukumu za mirathi, na mwisho mtu aliyewagawanya watu wa pwani kwa sababu ya kauli zake kuhusu maulidi na matanga. Sisi tuliokuwa watoto wa Kuze katika miaka hiyo tulilisikia jina lake barazani kabla hatujajua maana ya kadhi.

Alizaliwa Unguja mwaka wa 1912, wakati Seyyid Khalifa bin Haroub alikuwa amekalia kiti cha enzi kwa muda mfupi tu. Unguja ya wakati ule ilikuwa na wanavyuoni ambao wanafunzi walipanda jahazi kuja kuwasomea kutoka Lamu, Mombasa, Ngazija, hata Barawa. Farsy alisoma kwao. Miongoni mwa masheikh zake walikuwa Sheikh Abubakar, mwana wa yule Sheikh Abdalla Bakathir aliyeitia nuru Ukutani, na Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumayt. Mtindo wa masomo ulikuwa ule wa kukaa chini mbele ya sheikh, kusoma kitabu kimoja mpaka kikaisha, kisha kuanza kingine. Lakini Farsy alifuata na njia ya pili: aliingia skuli ya serikali, akafuzu ualimu, na akafundisha kwa miaka mingi kabla ya kupewa kazi za usimamizi wa elimu.

Jambo hilo si dogo. Sheikh wa darsa huzungumza na aliyekuja kwa hiari yake. Mwalimu wa skuli huzungumza na mtoto aliyeletwa na babake, asiyetaka kujua, na ambaye akili yake iko kwenye mpira. Atakayeyasoma maandishi ya Farsy ataona mara moja kwamba yule mwalimu wa skuli hakumtoka. Sentensi zake ni fupi. Anaeleza neno gumu papo hapo, ndani ya mabano, haachi msomaji akatafute mwenyewe. Akiona jambo limepindwa anarudi nyuma na kulinyosha, na haogopi kufanya mzaha.

Rupia, shilingi na harusi

Ujana wake ulipita katika zama za rupia. Unguja haikuacha rupia yake mpaka mwaka wa 1936, ambapo kila rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Farsy alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, umri wa kuoa, na bila shaka yeye na rika lake walilazimika kujifunza upya kuhesabu mahari, kodi ya nyumba na bei ya samaki. Huku kwetu Kenya rupia ilikwisha ondoka miaka 15 kabla ya hapo.

Yasemwa kwamba mwanachuoni hatazami mambo ya jikoni. Farsy aliyatazama. Mwaka wa 1956 kitabu chake kidogo, Ada za Harusi katika Unguja, kilichapishwa na East African Literature Bureau, idara iliyokuwa ikitoa vitabu vya lugha zetu kwa nchi zote za Afrika Mashariki. Ndani yake mwandishi anaieleza harusi ya Kiunguja tangu posa hadi fungate: nani huenda kuposa, nini hupelekwa, somo ana kazi gani, nani hudai kilemba na nani hudai mkaja, na bibi harusi hukaa ndani vipi kabla hajatolewa. Kuna wasomi wa Kizungu waliotumia miaka kutafuta habari kama hizi. Huyu alizipata kwa kuwa alizaliwa ndani yake na alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu.

Kitabu hicho tunakitaja kwa sababu ya pili. Miaka 20 baadaye Farsy alijulikana sana kama mtu wa kukataza, na wapinzani wake walimwona kama adui wa mila. Basi na ikumbukwe kwamba mtu huyo aliziandika mila hizo mwenyewe, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayezipenda. Vilevile aliandika juu ya Seyyid Said bin Sultan katika miaka ya 1940, na juu ya maisha ya Mtume na ya wanavyuoni. Alikuwa, kwa ufupi, mweka kumbukumbu.

Mwaka wa 1960 akafanywa Kadhi wa Unguja. Ukaja usiku wa Januari 1964, serikali ikapinduliwa, na ule ulimwengu wa wanavyuoni wa Mji Mkongwe ukavunjika. Wengine walifungwa, wengine walikimbia, wengine walinyamaza. Sayyid Omar bin Sumayt, sheikh wake, alikwenda zake Ngazija, na huko alifia mwaka wa 1976. Farsy alibaki katika ukadhi kwa miaka mitatu chini ya serikali mpya. Mwaka wa 1967 akaondoka na kuja Kenya. Mwaka uliofuata Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu uhuru, alistaafu, na kiti kikakaliwa na huyu mgeni wa Unguja.

Mombasa aliyoikuta

Ilikuwaje Mombasa ya mwaka 1968? Kwanza, hela zilikuwa mpya. Shilingi ya Kenya ilikuwa imetoka Septemba 1966, ikiwa na sura ya Mzee Kenyatta, na zile sarafu za Afrika Mashariki za senti tano na senti kumi zenye tundu katikati zikawa zinaondoka polepole. Sisi watoto tulizisikitikia, maana ndururu yenye tundu huipotezi: unaitia uzi, unaivaa shingoni, unatumwa dukani. Ndururu mpya haikuwa na tundu. Ilianguka katika mianya ya sakafu na bakora ikakufuata.

Senti ilikuwa bado ni pesa. Kahawa ya mchana, ile inayouzwa na mtu anayegonganisha vikombe vyake akishuka kutoka Mlango wa Papa, ulilipia kwa senti. Kaimati za Ramadhani, bajia, viazi vya karai, kachiri za mhogo, vyote vilikuwa vya senti. Thumni mkononi mwa mtoto wa miaka minane ilikuwa mali. Shilingi nzima ilikuwa ni jambo la watu wazima, na ikiwa umeonekana nayo utaulizwa umeipata wapi.

Watu wa baraza walizungumza habari za fedha kuliko inavyodhaniwa. Novemba 1967 Waingereza walishusha thamani ya pauni yao, na Kenya, Uganda na Tanzania zikakataa kufuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Mabaharia wetu waliokuwa wakileta mishahara ya pauni kutoka melini walirudi nyumbani na sura ndefu. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwa vita, na haukufunguliwa tena mpaka 1975. Meli zilizokuwa zikishuka kutoka Ulaya kwa njia fupi sasa zilizunguka Afrika nzima. Bidhaa zikachelewa, nauli zikapanda, na mwenye duka alipoulizwa kwa nini bei imeongezeka alikuwa na jibu tayari, hata kama kitu chenyewe kilitoka Thika.

Bandari ya Kale ilikuwa bado hai, ingawa wazee walilalamika kwamba majahazi yamepungua. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba, yalifika kutoka Ghuba na Uarabuni yakiwa na tende, mazulia, chumvi na papa mkavu, na mji mzima ukanuka. Kusi ikianza yakaondoka na boriti. Kisauni kulikuwa kunakwendwa kwa lile daraja la kuelea la Nyali, ambalo mtu alilivuka kwa kulipa. Likoni kulikuwa na feri, kama leo.

Na jioni kulikuwa na sinema. Regal, Majestic, Naaz: majina hayo yakitajwa mbele ya mtu wa umri wangu, utamwona anatabasamu. Filamu za Kihindi za Raj Kapoor zilijaza ukumbi, na waliotoka nje walizijua nyimbo zake kwa moyo bila kujua neno moja la Kihindi. Baada ya muda mfupi nyimbo hizo hizo zilisikika harusini zikiwa na maneno ya Kiswahili cha Mvita, kwa kinanda na tabla. Kijana Mohamed Khamis Juma Bhalo ndiye aliyekuwa akipanda wakati huo, na mashairi aliyoyaimba mengi yalitungwa na binamu yake Ahmad Nassir, ambaye mkusanyo wake wa kwanza ulitoka mwaka wa 1966. Redio ya transista ilikuwa imeingia kila baraza. Kanga mpya zilishuka Barabara ya Biashara, na wanawake walizijua kwa maneno yake kabla ya rangi zake.

Mji huo pia ulikuwa umejaa wageni kama Farsy mwenyewe. Tangu 1964 watu wa Unguja walikuwa wakishuka Mombasa kwa mashua na kwa njia za nchi kavu, wengine wakiwa na nguo walizovaa tu. Walipokewa na jamaa. Walifungua maduka, walifundisha, walishona, waliolewa. Na wakati hao wanaingia, Wahindi wengi walikuwa wanatoka, kwa sababu ya sheria mpya ya leseni za biashara hapa Kenya na kwa hofu ya mlango wa Uingereza, ambao ulifungwa nusu Machi 1968. Maduka yalibadilisha wenyewe. Baraza ilikuwa na mengi ya kuzungumza.

Nyumba moja, mafungu manane

Ukadhi wa Kenya una historia yake, na Farsy aliukuta ukiwa katika umbo jipya. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa ni mali ya Sultani wa Unguja kwa jina, na ulipounganishwa na Kenya Oktoba 1963, barua zilibadilishwa baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa nchi hizo mbili. Sharti moja lilikuwa kwamba mahakama za makadhi zitabaki. Miezi mitatu baadaye serikali ya Shamte ilikuwa haipo tena, lakini sharti lilibaki. Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Makadhi mwaka wa 1967. Kazi ya kadhi ikawa ni ndoa, talaka, hali ya mtu na urithi, baina ya Waislamu peke yao. Jinai na mengineyo si yake.

Msomaji asiyekaa Mombasa huenda akaona hayo ni machache. Hebu na tutazame urithi. Mzee amekufa, ameacha mke mmoja, wavulana wawili na wasichana watatu, na nyumba. Mke huchukua thumni, yaani fungu moja katika manane. Mafungu saba yaliyobaki hugawanywa kwa watoto, mvulana akipata mara mbili ya msichana: wavulana wawili mafungu manne, wasichana watatu mafungu matatu. Hesabu imetimia, manane. Lakini nyumba haina mafungu manane. Ina vyumba sita, ua, na choo kimoja. Mmoja wa wana anataka iuzwe, mama hataki kutoka, binti aliyeolewa Malindi anadai kodi. Na mara nyingi, hasa Majengo na vitongoji vyake, nyumba ni ya marehemu lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja kila mwezi na ambaye anaweza kusema mjenge kwingine. Mambo ya namna hii ndiyo yaliyojaza asubuhi za kadhi. Ongeza hapo mke aliyeachwa bila masurufu, mume aliye baharini mwaka wa pili bila barua, na baba aliyekataa kuozesha kwa kuwa posa imetoka mtaa asioutaka.

Mahari nayo ilikuwa na utata wake katika miaka hiyo. Hati za zamani ziliandikwa kwa reale au kwa rupia. Mjane aliyedai mahari yake yaliyobaki katika mali ya mumewe, aliyeolewa katika miaka ya 1910, alikuwa akidai fedha ambayo haikuwepo tena duniani. Kadhi aliyezaliwa zama za rupia na akaisoma historia ya fedha za Unguja hakuhitaji kuelezwa hayo.

Msahafu wa 1969

Yote hayo yangemtosha mtu mwingine. Farsy alikuwa na kazi nyingine, aliyokuja nayo kutoka Unguja. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akiifasiri Qurani kwa Kiswahili na kuitoa sehemu kwa sehemu, na mwaka wa 1969 tafsiri nzima ilichapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi kwa jina la Qurani Takatifu.

Haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilitolewa mwaka wa 1923 na kasisi wa misheni ya UMCA, Godfrey Dale, aliyekaa Unguja miaka mingi, na makusudio yake yalikuwa ni kuwasaidia wahubiri wa Kikristo kujibizana na Waislamu. Ya pili ilitolewa Nairobi mwaka wa 1953 na Waahmadiya chini ya Sheikh Mubarak Ahmad. Baina ya hizo mbili, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu na aliyeandika magazeti mjini humu tangu 1930, alikuwa ameanza kazi hiyo hiyo, akafa mwaka wa 1947 kabla ya kuimaliza. Basi Waislamu wa Sunni, ambao ndio wengi, walijikuta na kitabu chao kikielezwa kwa lugha yao na kila mtu isipokuwa wao wenyewe. Farsy alikasirika, na hakuficha. Alipata kutoa kijitabu kizima kuipinga tafsiri ya Waahmadiya, na katika maelezo ya chini ya tafsiri yake anasimama mara kwa mara kujibizana nao pamoja na Dale. Kurasa nyingine husomeka kama mjadala wa barazani, na mwandishi wa makala hii anakiri kwamba alipokuwa kijana alizitafuta hizo kwanza.

Kulikuwa na waliopinga. Wazee fulani waliona kwamba maneno ya Mungu hayafasiriki, na kwamba mtu wa kawaida akipewa maana kwa lugha anayopikia ugali atajiona mwanachuoni. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi. Mamlaka ya sheikh wa darsa yalitokana na kujua kile ambacho wengine hawakijui. Mara tu msahafu wenye maana ulipowekwa juu ya kabati la nyumba ya Majengo, mama aliyesoma mpaka darasa la nne tu aliweza kumwuliza mwalimu wa chuo kwa nini anasema hivi wakati kitabu kinasema vile. Farsy alijua hayo yatatokea. Ndiyo maana akaandika kwa namna ambayo mama huyo angeelewa.

Na aliandika kwa Kiunguja. Hapa kuna jambo linalowachoma Wamvita mpaka leo. Mkutano wa mwaka 1928 ulioamua kwamba Kiswahili cha skuli kiwe cha Unguja, si cha Mvita, ulifanyika hapa hapa Mombasa. Mji wa Muyaka ukaambiwa, ndani ya nyumba yake, kwamba lugha yake haifai kuandikiwa vitabu. Waliotoa hukumu hiyo waliondoka, lakini watoto waliendelea kusahihishwa kwa wino mwekundu. Sasa likaja tena jambo kubwa kuliko vitabu vya skuli, nalo likaja kwa Kiunguja kile kile, safari hii bila kulazimishwa na mtu. Wako wanaosema kwamba tafsiri ya Farsy ilikisambaza Kiswahili sanifu pwani ya Kenya kuliko walimu wote wa serikali. Sina namna ya kulipima hilo. Ninachojua ni kwamba watu walioapa hawatasema njoo waliisoma Qurani Takatifu kwa machozi, na hawakuona lahaja.

Maulidi, matanga na maneno

Katika miaka ya 1970 sauti yake ilizidi ukali. Aliandika na kufundisha dhidi ya yale aliyoyaona kuwa yameongezwa katika dini, yaani bid'a, na vijitabu vyake juu ya jambo hilo vikaenea. Sheikh Al-Amin alikuwa amelitangulia jambo hilo miaka ya 1930, kwa hiyo Mombasa haikulisikia kwa mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba Farsy alikuwa Kadhi Mkuu, na alikuwa mgeni.

Jambo lililowagusa watu zaidi lilikuwa ni karamu za msiba. Kila mtu anajua mtindo: mtu akifa watu hujaa, khitma ya siku ya tatu, ya saba, ya arubaini, na kila mara sufuria zinapanda. Mchele, mbuzi, samli, sukari ya chai, kodi ya mikeka. Familia iliyopoteza mchumaji wake hukopa ili iwalishe waliokuja kuipa pole, na mali inayoliwa ni ya mayatima kabla haijagawanywa. Mtu aliyekaa kila asubuhi akiyapiga hesabu mafungu ya mayatima alikuwa na sababu ya kulitazama jambo hilo kwa jicho lingine. Lakini kwa upande wa pili, jirani asipokula kwako siku ya msiba, atakula kwako lini? Bibi yangu hakukubali hata siku moja kwamba pilau ya khitma ya mumewe ilikuwa kosa, na alimheshimu Farsy kwa kila jambo jingine.

Maulidi yalikuwa mgogoro mkubwa zaidi. Lamu, kwenye Msikiti wa Riyadha, yale maulidi yaliyoasisiwa katika zama za Habib Saleh yalikuwa yakiwavuta watu kutoka pwani nzima, kwa matari na mashairi, na masharifu waliyaona kuwa ni roho ya dini yao. Mitaa iligawanyika. Kulikuwa na misikiti ambayo mtu wa upande huu hakuswali. Ndugu walinuniana. Hata wale waliokuwa upande wake waliona kwamba ulimi wa Sheikh ulikuwa mkali kupita ilivyohitajiwa, nami naona hivyo hivyo.

Hata hivyo mwaka wa 1972 ndipo kilipotoka kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki. Humo aliwaandika, mmoja baada ya mwingine, wale masheikh wa Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija: walizaliwa lini, walisoma kwa nani, walisomesha nani, walikuwa na tabia gani, walizikwa wapi. Masharifu wamo, na Habib Saleh yumo, naye anaelezwa kwa heshima. Mengi ya yaliyomo Farsy aliyachukua kwa vinywa vya wazee ambao wamekwisha fariki, kwa hiyo lau asingeyaandika yangepotea. Mwanahistoria wa Kimarekani Randall Pouwels alikitia kitabu hicho Kiingereza mwaka wa 1989, na tangu hapo hakuna anayeandika historia ya Uislamu wa pwani yetu asiyekitaja.

Farsy alikaa katika ukadhi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mji aliouacha haukuwa ule alioukuta. Daraja la kuelea la Nyali lilikuwa limeondolewa na jipya kufunguliwa mwaka wa 1980. Barabara ya Kilindini, yenye yale mapembe makubwa, ilikuwa sasa ni Moi Avenue. Juma Bhalo alikuwa kwenye kaseti. Senti zilikuwa zimekwisha kuwa kitu cha kuwapa watoto wachezee. Watu wengi wa asili ya Unguja walikuwa wamehamia Oman, ambako Sultani Qaboos, tangu aliposhika utawala mwaka wa 1970, alikuwa akiwapokea. Farsy naye alikwenda huko baada ya kustaafu. Alifariki Novemba 1982, akiwa na miaka 70, na akazikwa huko huko, mbali na Ukutani aliposomea na mbali na Mvita alipohukumu. Wanafunzi wake wa Mombasa walipata habari kwa simu. Usiku huo, katika nyumba kadhaa za Mji wa Kale, watu walikaa wakibishana kama marehemu asomewe khitma au la.